Kumtunza Mtu si Kumrithi



Somo letu la safari hii linahusu jambo lililomo katika nyumba nyingi za parishi zetu, toka Tukuyu hadi Kilolo, ila mara nyingi husemwa kwa kunong'ona. Ni habari za mtu mzima ambaye akili yake haiwezi tena kuamua mambo yake, na habari za yule anayeamua kwa niaba yake. Huenda ni baba mzee aliyeshikwa na ugonjwa wa kusahau. Huenda ni mama aliyepata kiharusi. Huenda ni kijana mwenye ugonjwa wa akili, au binti ambaye tangu kuzaliwa akili yake haikukua pamoja na mwili. Watu hawa wana mashamba, nyumba, ng'ombe, pensheni, na siku hizi wana fedha katika simu. Nani atatia sahihi kwa ajili yao? Na huyo atakayetia sahihi, yeye ataulizwa na nani?

Nimekuwa mwalimu kwa zaidi ya miaka 30, na mwalimu hupenda kufundisha yale aliyoyafaulu. Somo hili lakini nimelipata katika kosa langu mwenyewe. Kwa hiyo nitaanza na kosa hilo.

1. SHAMBA LA MITI

Kaka yangu ni mkulima katika kijiji kimoja wilayani Mufindi. Wasomaji wa huko wanajua jinsi misindano inavyotaka uvumilivu. Mtu hupanda miche akiwa na nguvu zake, huipunguzia matawi, husafisha njia ya kuzuia moto kila mwaka, na hupita miaka 15 au 20 au zaidi kabla ya kupata mbao nzuri. Hivyo mara nyingi miti inapokomaa, aliyeipanda naye amezeeka. Ndivyo ilivyokuwa kwa kaka. Miti yake ilipofaa kukatwa, yeye alikuwa hajui tena leo ni siku gani, na mimi alikuwa akiniita kwa jina la baba yetu mdogo, aliyefariki zamani.

Siku moja nilikuwa nimetoka Mbeya kwenda kumsalimu. Mpwa wetu akafika pamoja na mnunuzi, na karatasi iliyokwisha pigwa chapa. Akaniambia, "Mjomba, wewe ndiye msomi wetu, uwe shahidi." Wakaleta wino. Kaka akatoa dole gumba lake mwenyewe, kwa furaha kabisa, akauliza kama foleni huko nje ni ndefu. Alidhani tunapiga kura. Sote tukacheka. Nami nikatia sahihi yangu chini ya dole lake.

Shemeji alikuwa jikoni. Hakuna aliyemwita, ingawa shamba lile alilipalilia yeye pamoja na mumewe.

Fedha nilikabidhiwa mimi, kwa kuwa ni mwalimu na ni mzee wa kanisa. Sikula hata senti moja. Nilinunua dawa, niliezeka jiko kwa mabati, nikamlipia ada mjukuu mmoja, nikampa mpwa nauli zake. Fedha zilipokwisha, binti mkubwa wa kaka akanijia kwa adabu akasema, "Baba mdogo, naomba kuona hesabu." Sikuwa na hesabu. Mimi niliyeita majina ya watoto kila asubuhi na kuyatia alama katika rejista, sikuwa na hata ukurasa mmoja wa fedha za kaka yangu. Nikakasirika, nikamwuliza kama ananiita mwizi. Lakini yeye hakusema hivyo. Ni mimi niliyesema.

Kisha ikaja asubuhi moja ya baridi. Kaka aliamka akili yake imetulia, kama inavyoweza kutokea kwa wagonjwa wa namna yake. Akatoka nje, akasimama, akatazama bondeni. Akauliza, "Nani amekata miti yangu?" Hakuna aliyemjibu. Ilipofika mchana alikuwa amekwisha sahau swali lake. Sisi hatujalisahau.

2. NI NANI ASIYEWEZA KUJIAMULIA?

Kwanza tuondoe mawazo yasiyo sahihi. Uzee peke yake si kukosa akili. Upofu, uziwi, kulemaa miguu, kifafa, na kutojua kusoma si kukosa akili. Hata kufanya uamuzi usiowapendeza ndugu si kukosa akili. Mzee akiamua kumpa mjukuu wake ng'ombe, na wanawe wakanuna, uamuzi huo bado ni haki yake.

Tena si kila kuchanganyikiwa ni kwa kudumu. Homa kali, malaria, sukari iliyopanda au kushuka, dawa zisizopatana, na hata huzuni nzito baada ya kufiwa, zaweza kumfanya mtu aonekane amepotewa na akili, naye akitibiwa hurudi. Kwa hiyo safari ya kwanza ni ya hospitali, wala si ya kwa mnunuzi wa shamba.

Basi tutamjuaje mtu asiyeweza? Uingereza ilitunga sheria juu ya jambo hili mwaka 2005, kwa ajili ya England na Wales, na kipimo chake twaweza kukitumia hata sisi nyumbani. Mtu mzima huhesabiwa kuwa anaweza kuamua mpaka ithibitike kwamba hawezi. Kisha huangaliwa mambo manne:

(a) Je, anafahamu habari anayoelezwa?
(b) Je, anaweza kuishika kichwani kwa muda wa kutosha ili aamue?
(c) Je, anaweza kuipima, akaona faida na hasara?
(d) Je, anaweza kuonyesha uamuzi wake kwa maneno, kwa ishara, au kwa njia nyingine?

Akishindwa hata moja katika hayo, kwa sababu ya ugonjwa au kasoro katika akili au ubongo, na baada ya kusaidiwa kwa kila njia, basi kwa jambo hilo na kwa wakati huo hawezi kuamua.

Angalieni sana maneno yale: kwa jambo hilo na kwa wakati huo. Kaka hakuweza kuuza miti. Lakini alijua kabisa anataka kulala chumba gani, nani amnyoe, na kwamba Jumapili anataka kupelekwa kanisani. Sisi tulipoona kwamba hajui kuuza, tukamnyang'anya na yale mengine yote. Tulimwamulia mpaka koti la kuvaa.

Sheria yetu ya Tanzania nayo haimhukumu mtu moja kwa moja. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, husema kwamba mkataba ni wa watu wenye akili timamu. Lakini husema pia kwamba mtu ambaye kwa kawaida akili yake si timamu, ila mara kwa mara hutulia, anaweza kufanya mkataba wakati ule akili yake imetulia. Na kinyume chake ni hivyo hivyo: mtu mwenye akili zake, akifikwa na saa ya kupotewa, saa hiyo hawezi kufunga mkataba. Kinachotazamwa ni kama alielewa wakati ule alipokubali. Kwa hiyo karatasi ile ya miti, pamoja na dole gumba na sahihi yangu ya mwalimu, msingi wake ulikuwa mbovu. Alama ya wino haikuonyesha kwamba kaka ameamua.

3. MWANGALIZI WA UMMA KATIKA NCHI NYINGINE

Baadhi ya nchi zimeweka ofisi maalum kwa kazi hii, na mkuu wake twaweza kumwita Mwangalizi wa Umma. Scotland ilianza kuwa na ofisi hiyo mwaka 2001. England na Wales zilifuata mwezi Oktoba 2007.

Watu wengi wakisikia jina hilo hudhani ni mtu anayechukua wagonjwa na kuwatunza. Katika England sivyo. Mahakama ndiyo inayomteua msimamizi, ambaye mara nyingi ni ndugu wa mgonjwa. Kazi ya Mwangalizi wa Umma ni kuweka daftari la wasimamizi wote, kupokea taarifa zao, kusoma hesabu zao, na kuchunguza malalamiko. Akiona mambo mabaya hulipeleka jambo mahakamani, na mahakama yaweza kumwondoa msimamizi. Kwa maneno mengine, yeye ni mtu anayemwuliza mtunzaji, "Hesabu iko wapi?"

Mahali pengine ofisi ya serikali huwa msimamizi yenyewe, pale ambapo mgonjwa hana ndugu wa kufaa. Ndivyo ilivyo katika jimbo la Ontario huko Canada, na katika New South Wales huko Australia. Lakini hiyo ni hatua ya mwisho, baada ya kutafuta ndugu au rafiki na kukosa.

Majirani zetu wa Kenya walitunga sheria ya afya ya akili mwaka 1989. Sheria hiyo ilimtaka msimamizi wa mali ya mgonjwa apeleke orodha ya mali na madeni katika miezi 6 tangu kuteuliwa, mahakamani na kwa Mdhamini wa Umma. Baada ya hapo apeleke hesabu kila mwaka. Tena asiuze ardhi ya mgonjwa, wala asiiweke rehani, bila ruhusa ya mahakama.

Mwaona basi kwamba mambo matatu yanajirudia kila mahali: kuteuliwa hadharani, kuandika mali yote mwanzoni, na kutoa hesabu. Katika nyumba yetu kule Mufindi hapakuwa na hata moja.

4. KWETU TANZANIA

Hapa kwetu hakuna ofisi moja yenye jina la Mwangalizi wa Umma. Kazi hiyo imegawanyika, na kwa kuwa imegawanyika, kila mmoja aweza kudhani mwingine anaifanya. Tuitazame sehemu kwa sehemu.

Ukoo. Huyu ndiye mwangalizi wa kwanza tangu zamani. Kikao cha ukoo kinaweza kumpendekeza mtu, kumshauri na kumkemea. Lakini kikao cha ukoo hakiwezi kuhamisha mali ya mtu aliye hai kwa sababu tu ni mgonjwa. Wengi huchanganya hapa. Huandika muhtasari wa kikao na kumwita fulani "msimamizi wa mirathi", na mwenye mali yuko chumba cha pili anakunywa uji. Mirathi ni ya marehemu. Aliye hai hana mirathi; ana mali, na mali ni yake.

Mahakama. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, iliyochukua mahali pa sheria ya zamani, huiruhusu mahakama kutoa amri juu ya mali ya mtu mwenye ugonjwa wa akili na kumteua msimamizi wa mali hiyo. Anayeomba huleta ushahidi: taarifa ya daktari, habari za ndugu, na maelezo ya mali. Mahakama Kuu ina kanda zake Mbeya na Iringa, kwa hiyo hatuna haja ya kwenda Dar es Salaam kama zamani. Anayetaka kuanza aulize kwanza katika mahakama iliyo karibu naye ombi lake lipelekwe wapi. Asiyeweza kumlipa wakili aulize habari za msaada wa kisheria, kwa maana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua pia wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi karibu na wananchi.

Kabidhi Wasii Mkuu. Ofisi hii imo katika Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, uliozinduliwa mwaka 2006. Wengi tunaijua kwa vyeti vya kuzaliwa na vya vifo. Inashughulika pia na mirathi, udhamini, na kuandika na kutunza wosia.

Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya na mtendaji wa kijiji au mtaa. Hawa hawateui msimamizi, lakini ndio wa kuendewa upesi mgonjwa anapoonewa, anapofungiwa ndani, au anapouziwa mali.

Hapa niseme juu ya karatasi mbili ambazo watu huzitegemea bure. Ya kwanza ni wosia. Wosia ni mzuri, na kila mmoja wetu angefaa kuuandika akili ikiwa nzima. Lakini wosia huanza kazi siku ya kufa. Hausaidii katika miaka ile mgonjwa yu hai naye hawezi kuamua.

Ya pili ni hati ya uwakala, yaani karatasi ya kumpa mtu mamlaka ya kutenda kwa niaba yako. Kwa Sheria yetu ya Mikataba, uwakala hukoma yule aliyetoa mamlaka akifa au akipotewa na akili. Maana yake hati hiyo hukoma wakati ule ule tunapoihitaji zaidi. England wana hati ya namna nyingine, ambayo hudumu hata baada ya akili kupotea, lakini huandikwa mapema na kusajiliwa kwa yule Mwangalizi wa Umma. Sisi, mgonjwa akifika hapo, njia iliyonyooka ni mahakama.

Jambo jingine ni hili. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na mwaka 2010 tukatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mkataba huo, katika kifungu cha 12, husema kwamba watu wenye ulemavu wana haki sawa na wengine mbele ya sheria, na kwamba wapewe msaada wanaouhitaji ili waitumie haki hiyo. Kamati inayosimamia mkataba ilieleza mwaka 2014 kwamba nchi ziache desturi ya kumwamulia mtu kila kitu, zijenge desturi ya kumsaidia aamue mwenyewe. Wako wanasheria wanaosema jambo hilo ni gumu kwa mgonjwa asiyejitambua kabisa. Lakini kwa wengi wa wagonjwa wetu linawezekana, tukiwa na subira.

5. SIBA NA MEFIBOSHETHI

Katika Biblia iko habari ya msimamizi wa mali, nasi hatuifundishi sana. Someni 2 Samweli sura ya 9, kisha 16:1-4, kisha 19:24-30.

Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alikuwa amelemaa miguu yote miwili. Mfalme Daudi alimrudishia mashamba ya Sauli babu yake, akamweka Siba, mtumishi wa zamani wa nyumba ile, ayalime pamoja na wanawe 15 na watumishi 20. Jambo lilianza vizuri: msimamizi aliitwa mbele ya mfalme na kuelezwa kazi yake. Lakini hatusomi kwamba mtu yeyote alidai hesabu.

Baadaye Daudi alipokuwa akimkimbia Absalomu, Siba akamletea punda, mikate na divai, akamsingizia bwana wake kwamba amebaki Yerusalemu akitamani ufalme. Daudi, bila kumsikia Mefiboshethi, akampa Siba mali yote pale pale. Daudi aliporudi, Mefiboshethi alikuja na kueleza kwamba alidanganywa, naye kwa miguu yake hakuweza kuondoka peke yake. Mfalme akaamua mashamba yagawanywe kati yao.

Natoa mafundisho matatu. Kwanza, Mefiboshethi alilemaa miguu, akili yake ilikuwa timamu, lakini watu walisema kwa niaba yake kana kwamba hayupo. Pili, Siba alikuja na zawadi mkononi, na maneno ya anayeleta chakula huaminiwa upesi. Mpwa wetu naye alikuja na sukari na mafuta ya kula. Tatu, hata mfalme mwema aliamua vibaya kwa sababu alisikia upande mmoja. Kabla ya kuamua habari za mgonjwa, mgonjwa mwenyewe asikilizwe.

6. KANUNI ZA MTUNZAJI

Mambo yafuatayo tumeyajifunza katika ukoo wetu kwa aibu. Wasomaji wayajifunze kwa amani.

(i) Uliza kwanza. Bwana wetu alipoitwa na Bartimayo, kila mtu aliona kwamba ni kipofu. Hata hivyo alimwuliza anataka nini. Mwulize mgonjwa katika saa yake nzuri. Wengi huwa wazi zaidi asubuhi kuliko jioni. Tumia maneno machache, swali moja kwa wakati mmoja. Asipoweza kusema, mwonyeshe vitu achague.

(ii) Usichanganye fedha. Fedha ya mgonjwa isikae katika mfuko wako wala katika simu yako. Iwe na mahali pake.

(iii) Andika. Daftari la shule latosha. Tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kazi yake, na baki. Risiti zibandikwe. Kama ni nauli isiyo na risiti, andika na jina la aliyepewa.

(iv) Namba ya siri ya benki au ya simu isizagae. Siku hizi mzee aweza kuibiwa pensheni yake yote na mjukuu anayemsaidia "kuangalia salio". Anayejua namba awe mmoja anayefahamika na ukoo mzima, na taarifa ya fedha isomwe na mwingine.

(v) Usijiuzie. Mtunzaji asinunue shamba, ng'ombe wala baiskeli ya mgonjwa, hata kwa bei nzuri. Huwezi kuwa mwuzaji na mnunuzi katika biashara moja.

(vi) Ardhi, nyumba na miti zingoje mahakama. Dawa na chakula haviwezi kungoja, shamba laweza. Anayesema lazima iwe leo, mwulize kwa nini.

(vii) Mkumbuke mke au mume. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Ugonjwa wa mmoja hauifuti haki ya mwingine.

(viii) Usimfunge. Kamba, mnyororo na chumba chenye kufuli si matibabu. Akiwa hatari kwake au kwa wengine, mpeleke hospitali. Kanisa limeijua kazi hii tangu zamani: huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari walianza kuwatunza wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20, kabla serikali haijafungua Mirembe huko Dodoma mwaka 1927.

7. KAZI YA PARISHI

Wengine watasema, basi Padre au wazee wa kanisa wawe wasimamizi. Mimi sikubali. Mimi ni mzee wa kanisa, na mmeona nilivyofanya. Cheo cha kanisani hakichukui nafasi ya daftari.

Lakini parishi ina kazi yake. Wanaopeleka Ushirika Mtakatifu kwa wagonjwa, na akina mama wa Umoja wanaotembelea nyumba, ndio wanaomwona mgonjwa wakati wengine hawamwoni. Wazungumze na mgonjwa mwenyewe, si na wenyeji wake tu. Wakiona blanketi limetoweka, au mgonjwa amekonda huku mtunzaji anajenga, wasinyamaze. Wazee wawili wa kanisa waweza kuombwa kukaa na ukoo wakati hesabu inasomwa. Wasikilize tu, wasishike fedha.

Na kanisa nalo lijihadhari. Mzee ambaye hajui leo ni siku gani akisema analipa kanisa kiwanja chake, tumshukuru, wala tusikipokee. Sadaka ya mtu asiyejua anachotoa haiwezi kuwa sadaka.

8. MIAKA ILIYOFUATA

Miti iliyokatwa haikurudi. Lakini kaka alikuwa na shamba la pili, la juu, ambalo miti yake ilikuwa bado michanga. Ukoo ulikutana, safari hii na shemeji akiwepo, na kaka mwenyewe ameketi katikati. Nilisimama nikaeleza kosa langu. Tulipeleka ombi mahakamani pamoja na taarifa ya daktari na muhtasari wa kikao. Msimamizi aliyeteuliwa si mimi wala si mpwa. Ni binti yake, yule aliyeniomba hesabu.

Kila miezi mitatu yeye hutusomea daftari lake mbele ya shemeji. Mara ya kwanza niliona limeandikwa hata chumvi. Nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka tulivyocheka siku ya dole gumba.

Kabla miti ya shamba la juu haijapunguzwa, binti alimpeleka baba yake huko asubuhi, polepole, akamwonyesha. Akamwuliza aache ipi. Kaka hakujua ni mwaka gani, wala hakujua bei ya mbao. Lakini aliinua fimbo yake akaonyesha mstari wa mwisho, ulio karibu na kaburi la mama yetu, akatikisa kichwa. Mstari ule haukukatwa. Upo mpaka leo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Je, katika mtaa wetu yuko mtu mzima ambaye wengine humwamulia kila kitu? Ni mambo gani angeweza kuamua mwenyewe akisaidiwa?
2. Kuna tofauti gani kati ya msimamizi wa mirathi na msimamizi wa mali ya mgonjwa aliye hai?
3. Kwa nini hati ya uwakala na wosia havitoshi mtu akipotewa na akili?
4. Someni tena habari za Siba. Daudi angefanya nini kabla ya kuamua?
5. Kama leo ungeulizwa hesabu ya fedha za mtu unayemtunza, ungeonyesha nini?

Swali la tano lisijibiwe kikundini. Kila mtu alijibu nyumbani kwake, na kalamu mkononi.